Kigae Kisichokunywa

Ersilia Talarico alitoa ulimi, akaugusisha mgongoni mwa kigae, na ulimi ukanata.

Haukunata sana. Ulishikwa kidogo tu, kisha ukaachia. Akachukua kigae cha pili kutoka boksi lilelile, akakilamba. Ukanata. Cha tatu, vilevile. Akakiweka kwenye goti, akatazama ubavu wa boksi, pale palipoandikwa kwa herufi nene kama kwato: POSELENI.

"Dada, chai ya asubuhi haikukutosha?" Tauno Ketola alikuwa nyuma yake anakoroga ndoo ya saruji kwa mashine. "Niambie, nikununulie andazi."

"Zima hiyo mashine uje ulambe."

Tauno akaizima. Alikuwa mtu wa miaka sitini na mbili, mjukuu wa Wafini waliokuja Kanada kukata magogo, na mikono yake ilikuwa mipana kama beleshi. Akalamba. Hakucheka tena.

"Kina kiu," akasema.

"Kina kiu."

Mafundi vigae wote wa mji wa Thunder Bay wanalijua jambo hili, hata wasiojua kusoma. Seramiki na poseleni ni ndugu wa udongo mmoja. Vyote hupita motoni, vyote huvishwa ngozi ya kung'aa, na ukivipanga dukani, tajiri na mkewe hawatambui kipi ni kipi. Lakini poseleni husagwa laini zaidi, hukandamizwa kwa nguvu zaidi na kuchomwa kwa moto mkali zaidi, mpaka vitundu vyake vyote vinajifunga. Maji yakija, yanateleza na kwenda zao. Seramiki ndani yake ni mkate. Ukutani, jikoni, bafuni, haina neno. Iweke nje kwenye ngazi kando ya Ziwa Superior, mvua ya Oktoba itaingia mle ndani ikae, na Novemba ile mvua itakuwa barafu, na barafu haijui kubanana. Itapasua kigae.

Na ngazi hizi zilikuwa za nyumba ya wazee. Vidato kumi na vinne kutoka maegesho mpaka mlangoni, na juu yake watapita watu wenye magongo, watu ambao wakianguka mara moja hawainuki tena.

Ersilia akafungua boksi la safu ya juu kabisa ya mrundo. Akalamba. Ulimi ukateleza kama kwenye kioo. Akafungua la pili la juu: kioo. Akateremka safu ya tatu: mkate. Ya nne: mkate. Ya juu ilikuwa poseleni ya kweli, ya kuonyeshwa wageni. Yaliyo chini yalikuwa seramiki ndani ya maboksi ya poseleni.

"Ndoo hii inaanza kufa, dada," Tauno akasema polepole. "Tunaweka au hatuweki?"

"Hatuweki."

"Brent atakuja kutuuliza."

"Na aje."

Akaja. Brent Pruddick, mwenye kampuni ya Pruddick na Mwana, yeye akiwa ndiye mwana. Alishuka kwenye gari lake jeupe akiwa na kikombe cha kahawa na viatu ambavyo havijawahi kukanyaga saruji mbichi.

"Saa tatu na nusu na sioni hata kigae kimoja chini. Mnafanya kazi au mnavila?"

"Umetuletea seramiki, bosi," Ersilia akasema. Hakusimama. Fundi akisimama mbele ya bosi huonekana anaomba ruhusa.

"Nani kasema?"

"Ulimi."

Brent akacheka, akamgeukia Tauno kama anayetafuta mtu mzima wa kuongea naye. Tauno akaitazama ndoo. Basi Brent akainama, akachukua kigae, akakimwagia kahawa usoni. Kahawa ikakusanyika katikati ya ule mng'aro, ikatetemeka, ikabaki.

"Umekiona? Kimekunywa?"

"Huo ni uso. Hata seramiki uso wake haunywi, umevishwa kioo. Mwagia mgongo."

Badala ya kumwagia mgongo, Brent alikipiga kigae kwenye ukingo wa kidato kikavunjika, akamsogezea kipande puani. "Tazama ndani. Nyeupe pe! Seramiki ni nyekundu kama tofali. Hata mtoto wa shule anajua."

"Mtoto wa shule labda. Kuna udongo mweupe pia, bosi. Mweupe na bado una kiu."

"Na huo unga wa mgongoni?" Sasa alikuwa ametulia, na alipotulia ndipo alipokuwa wa kuogopwa, maana alikulia kwenye kazi hii ingawa hakuifanya. "Kiwandani wanavipaka unga mgongoni visigande kwenye tanuri. Unga unashika ulimi, mama. Umelamba unga ukasimamisha kazi yangu."

Ersilia akakitazama kidole gumba chake. Alilosema Brent lilikuwa kweli. Si kwamba alijua vigae hivi vimepakwa. Lakini unga ule upo, na uliwahi kuwadanganya mafundi wazuri kuliko yeye. Alikuwa amefuta mgongo kwa kidole gumba kabla ya kulamba? Cha kwanza hakukifuta. Cha pili hakukumbuka.

Brent aliiona shaka ile ikipita usoni mwa Ersilia, akaingiza kisu. "Ukoo wa Talarico na ngazi! Baba yako alianguka kwenye vidato kumi na viwili. Wewe unataka kuanguka kabla hujaweka hata kimoja."

Tauno akasema, "Brent, hilo liache."

Lakini lilikuwa limeshatoka, na mtu akitaka kuelewa kwa nini Ersilia alisimama wakati ule ni lazima aelezwe la mwaka elfu moja mia tisa themanini na saba. Wenye kampuni hubadilisha malori, hubadilisha rangi ya bango, humweka mtoto pahali pa baba, na kila wakibadilisha wanadhani hesabu imefutika. Tarehe wametuachia sisi tuzitunze.

Mwaka ule, Septemba, Saverio Talarico, baba yake Ersilia, aliyekuja kutoka Calabria kule Italia na mwiko wake kwenye sanduku, aliweka vigae kwenye ngazi za ukumbi wa watu wetu Waitalia. Mkandarasi alikuwa Lorne Pruddick, baba yake Brent. Saverio alifanya kama alivyofundishwa kwao: akaviloweka vigae kwenye pipa tangu alfajiri, akavilaza kimoja kimoja, akavigonga kwa mpini. Nyumbani aliwachekesha mezani kwa kisa cha kazi ile. Ndani ya boksi alikuta karatasi ya Kiingereza asiyoweza kuisoma, yenye picha ya mfuko wa saruji na pembeni yake chupa ya kitu cheupe. Akampelekea Lorne akamuuliza, "Bosi, haya maziwa ni ya nini?" Lorne akaikunja karatasi akaitia mfukoni. "Saruji ni saruji, Saverio. Wewe si mtoto mchanga, maziwa ya nini?" Na Saverio aliigiza sauti ya Lorne, na mkewe akacheka mpaka akashika mbavu, na Ersilia wa miaka kumi na mitano akacheka.

Machi, vigae vilikuwa vimeng'oka kama magamba ya samaki. Lorne Pruddick alisimama ukumbini mbele ya wote, mkononi ana hati ya kukabidhi kazi yenye sahihi ya Saverio, akasema: "Huyu ndiye fundi wenu." Tangu siku ile Saverio hakupewa kazi ya nje hata moja. Aliweka vigae vya vyoo vya binamu zake mpaka magoti yakakataa. Alikuwa akizunguka mitaa mitatu ili asipite mbele ya ukumbi, na alizunguka hivyohivyo mpaka mwaka alipokufa.

Ersilia aliokota kigae kimoja kwenye kifusi. Alikuwa nacho mpaka leo, chini kabisa ya sanduku lake la vifaa, akiwekea penseli juu yake. Na katika kila mkutano wa chama cha mafundi, kwa miaka thelathini na saba, alipopewa nafasi na asipopewa, alisimama akasema: Pruddick alimpa baba yangu seramiki ndani ya boksi la poseleni.

"Tukipime," akasema sasa.

"Tupime nini?"

"Kwa mizani. Ndani kuna jiko. Tunakausha, tunapima, tunachemsha saa nzima, tunapima tena. Poseleni haiongezeki hata nusu ya gramu kwenye kila gramu mia. Ulimi unaweza kudanganywa na unga. Mizani haina ulimi."

"Sina saa nzima ya kuchemsha supu ya mawe."

"Mimi ninayo," sauti ikasema kutoka juu ya ngazi.

Alikuwa Glenda Michano, msimamizi wa nyumba ile, mwanamke wa Waojibwe, wenyeji wa asili wa nchi ile, mwenye sweta la kijani na funguo shingoni. Haikujulikana alisimama pale tangu lini. "Mama yangu analala chumba namba nne, Brent. Atakuwa anapita hapa. Jiko liko wazi."

Brent akatabasamu, tabasamu la mtu anayefunga mlango taratibu. "Sawa, Bi Michano. Lakini kwa masharti. Visipokunywa, Ersilia anaweka vigae hivi, anatia sahihi, na kesho sitaki kumwona. Na kwenye chama chenu atasema mbele ya watu kwamba alikosea. Habari za baba yake pia azikomeshe."

"Nimekubali," Ersilia akasema.

Akakata kipande kimoja kutoka safu ya juu na kimoja kutoka safu ya chini. Alipofungua sanduku kutafuta penseli ya kuvitia alama, Tauno alikuwa amechuchumaa karibu naye. Alikiona kigae cha zamani.

"Na hicho je?" akanong'ona.

"Hicho cha nini?"

"Miaka yote unatuhubiria habari za hicho. Umewahi kukilamba?"

Ersilia akafunga sanduku. Akalifungua tena. Hakuwahi. Alijiambia hapakuwa na haja, kwamba ukweli haulambwi. Lakini usiku wa mazishi alikuwa amekitoa, akakisogeza mdomoni, akakirudisha. Kwa sababu kama ulimi ungeteleza, basi kigae kilikuwa kizuri na mkono wa baba ndio uliokuwa mbaya, na Lorne Pruddick alisema kweli ukumbini.

"Kama unaogopa, kiache," Tauno akasema. "Sitamwambia mtu."

Akakichukua.

Jikoni palinuka kitunguu na uji wa shayiri. Vipande vitatu vilikaa ndani ya tanuri ya mkate mpaka vikakauka kabisa, kisha Bi Michano mwenyewe akavipima kwenye mizani ya kupimia unga, akaandika nyuma ya orodha ya chakula: cha juu, gramu mia saba arobaini na moja. Cha chini, mia saba thelathini. Cha zamani, mia saba hamsini na mbili. Wakavitia kwenye sufuria ya maji, wakawasha moto.

Brent alisimama dirishani akiandika kwenye simu. Tauno alitoka akarudi. "Ndoo imeanza kuganda kando," akasema. Vigae viligongana ndani ya maji yaliyochemka, ko, ko, ko, kama mtu mwenye subira aliye mlangoni. Mzee mmoja akachungulia akauliza chakula cha mchana ni nini. Bi Michano akamwambia, "Mawe." Mzee akasema afadhali kuliko samaki wa jana.

Ersilia alitazama mvuke. Saa ya ukutani ilikuwa na sauti, na mshale wake mrefu ulikuwa umekaa mahali pamoja kama ng'ombe mkaidi. Aliona viputo vidogo vikitoka kwenye kipande kimoja, mnyororo wa viputo, lakini vipande vilikuwa vimegeuka na alama hazikuonekana. Kipi kile? Cha chini, au cha baba? Akajizuia kuinama.

Saa ikatimia. Bi Michano akavitoa kwa koleo la saladi, akavipangusa kwa taulo nyevu kama alivyoelekezwa.

Cha juu: mia saba arobaini na mbili.

"Gramu moja," akasema.

Cha chini. Namba zilicheza, zikatulia. Mia nane na tisa.

Bi Michano akakiondoa, akakirudisha, mia nane na tisa. "Kimekunywa gramu sabini na tisa," akasema, na akamtazama Brent kama anavyotazamwa mtu aliyemletea mama yako maziwa yaliyoharibika.

"Msambazaji amenidanganya," Brent akasema haraka. "Nitampigia sasa hivi. Mimi pia nimedanganywa hapa."

Tauno alimpiga Ersilia begani. "Umeshinda, dada!"

"Bado kimoja."

Bi Michano akaweka kigae cha Saverio kwenye mizani. Mia saba hamsini na tatu.

Gramu moja.

Poseleni. Safi, ngumu, isiyokunywa, nzuri kuliko chochote kilichokuwa kwenye mrundo ule. Ersilia akakishika kikiwa cha moto bado, kikamuunguza vidole, asikiachie. Akakigeuza. Mgongo ulikuwa mweupe safi bila chembe ya saruji. Miaka thelathini na saba alidhani usafi ule ni ushahidi wake. Barafu imekisukuma, alisema. Hakikusukumwa na chochote. Hakikuwahi kushikwa.

Brent aliisoma ile karatasi ya namba begani mwa Bi Michano. Hakuwa mpumbavu. "Hicho ni cha ule ukumbi?" akauliza. "Aa. Aa, sawa." Ile sawa yake ilikuwa kofi.

Wakatoka nje. Brent sasa alikuwa na sauti ya kiungwana, ya mtu anayegawa amani. "Sikilizeni. Wote tumekosea kidogo leo. Maboksi ya juu ni mazuri, mmeyapima wenyewe. Yanatosha vidato vitatu. Anzeni na hayo, mengine yanakuja mchana. Ndoo hiyo itieni maji kidogo, ikorogeni, twende kazi. Ersilia, sahihi yako jioni, yaishe."

Ersilia akapiga magoti. Nini kingine angefanya? Baba yake ndiye aliyekuwa na kosa, na alikuwa amelipigia kelele kosa la mtu mwingine maisha yake yote. Akachukua mwiko wa meno. Akautia kwenye ndoo, saruji ikapanda nzito, isiyo na mvuto, ikaanguka kama uji uliolala. Akageuza shingo kuutazama mfuko uliomwagwa asubuhi.

"Tauno. Hii ni saruji gani?"

"Ya kawaida. Ndiyo waliyotuletea."

Ya kawaida. Saruji ya kawaida hushika kigae kwa sababu kigae kinainywa. Inaingia kwenye vile vitundu na kuota mizizi. Kwa seramiki inatosha. Lakini poseleni hainywi. Ukiilaza poseleni juu ya saruji tupu, hasa ukiwa umeiloweka kwanza kama walivyofanya mafundi wa zamani, inakaa tu, kama sahani juu ya meza, ikingoja Machi. Poseleni inataka saruji yenye gundi. Siku hizi gundi imo ndani ya mfuko. Zamani ilikuja peke yake, kwenye chupa.

Nyeupe, kama maziwa.

Mwiko ukasimama mkononi.

"Bosi," akasema, na hakuitambua sauti yake. "Saruji hii si ya poseleni. Uliagiza ya kawaida kwa sababu ulijua unaagiza seramiki. Nataka yenye gundi."

Brent alikuwa tayari ameshika mlango wa gari, pale chini ya ngazi. Alikuwa amechoka, alikuwa ameaibishwa mbele ya mteja, na mtu akichoka husema alichosikia nyumbani kwao utotoni.

"Saruji ni saruji, Ersilia! Weka vigae."

Tauno aliona uso wa mwenzake akarudi nyuma hatua moja.

Ersilia akasimama. Safari hii alisimama wima, magoti yakalia. Akaweka mguu ubavuni mwa ndoo, akaisukuma, na ndoo nzima ikalala, na saruji ikajiburuta nje polepole ikateremka kidato cha kwanza, cha pili, cha tatu, mpaka kwenye viatu vya Brent Pruddick.

"Una wazimu!"

"Baba yako aliletewa karatasi," Ersilia akasema. "Ina picha. Fundi asiyejua Kiingereza akaona kwa macho yake kwamba kuna kitu kimekosekana, akaenda kuuliza. Aliuliza, Brent! Na baba yako akaikunja akaitia mfukoni, halafu Machi akatoa mfukoni karatasi nyingine."

"Karatasi gani? Nilikuwa na miaka sita!"

"Mimi nilikuwa na kumi na mitano. Nilicheka." Akavuta pumzi, nayo ilitoka nyeupe kwa baridi. "Mkutano wa chama ni Alhamisi. Ulitaka niseme mbele ya watu kwamba nilikosea. Nitasema. Miaka thelathini na saba nimesema vigae vilikuwa vibovu, na havikuwa vibovu. Nitaleta mizani, nitaleta na kigae. Halafu nitawaambia kilichokosekana, na nani aliulizwa."

Brent akamtazama Bi Michano juu ya ngazi. Bi Michano alikuwa ameshika ile orodha ya chakula yenye namba, ameikunja mara mbili, anaitia mfukoni mwa sweta lake.

"Na hii," akasema, "nitaitunza mimi."

Tauno alikuwa ameshachukua beleshi. Alianza kukwangua saruji kwenye kidato kabla haijashika, akikwangua kwa nguvu, bila haraka, na kila alipofika mwisho wa kidato alilamba midomo yake iliyopasuka na kutema kando.

"Mifuko mingapi, dada?" akauliza. "Ya gundi. Nimwandikie aende nayo."

Ersilia alihesabu vidato kwa macho, kutoka chini mpaka mlangoni, na alipofika cha kumi na mbili alisita, kisha akaendelea.

"Kumi," akasema. "Na kabla hujaondoka, bosi, futa viatu. Hiyo ni ya kawaida, lakini ngozi inainywa."